Malighafi na Uvungu wa Filimbi: Maelezo Pamoja na Mapendekezo ya Istilahi

1. Utangulizi

Makala haya yana madhumuni mawili. La kwanza ni kueleza namna sauti ya filimbi inavyotegemea umbo la uvungu wake kwa upande mmoja, na kitu kilichoiunda kwa upande wa pili, na kuonyesha kwamba uvungu ndio wenye nguvu zaidi. La pili ni kupendekeza istilahi za Kiswahili zitakazomwezesha mwalimu, mzazi na mfanyabiashara kulizungumza jambo hilo bila kutatizika. Madhumuni haya hayatengani, kwani kama itakavyoonekana hapa chini, kosa linalofanywa kuhusu ala hii huanzia katika jina lake.

Mfano tutakaoutumia ni wa Soko la Toi. Soko hili limekaa ukingoni mwa Kibera, karibu na Barabara ya Ngong jijini Nairobi, na hutembelewa na watu wa Kibera yenyewe, wa Kawangware na wa mitaa mingine ya jirani. Vibanda vyake viliteketezwa katika ghasia za mapema mwaka 2008 zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kisha wafanyabiashara wakavijenga upya. Linajulikana zaidi kwa mitumba ya nguo na viatu. Lakini mzazi mwenye kipato kidogo hutafuta katika masoko ya namna hii kila kinachoagizwa na shule, na tangu mwaka 2020, mtaala wa umilisi ulipofika Gredi ya 4, miongoni mwa vitu vinavyoagizwa imo ile filimbi ndogo ya plastiki ambayo madarasani huitwa rekoda.

Mnunuzi huyo ana mambo mawili anayoyaamini. Kwanza, kwamba filimbi ya mbao ni bora kuliko ya plastiki kwa sababu mbao ndiyo yenye sauti. Pili, kwamba filimbi zote za plastiki ni sawa, mradi zisiwe zimepasuka. Tutaonyesha kwamba imani ya kwanza haina msingi imara, na kwamba ya pili humwumiza mtoto, ambaye huweza kuambiwa hana sikio la muziki ilhali kosa limo katika ala aliyonunuliwa.

2. Sauti inavyoanza

Yafaa tuanze na yale yanayotokea ndani ya filimbi. Mpigaji anapopuliza, pumzi yake hupita katika njia nyembamba iliyoachwa baina ya paa la kichwa cha filimbi na kipande kilichochomekwa humo. Kipande hicho tutakiita kizibo, na njia hiyo tutaiita mfereji wa pumzi. Mfereji huielekeza pumzi katika uwazi wa mraba, yaani dirisha, na ng'ambo ya dirisha pumzi hukutana na ukingo mkali. Hapo haitulii. Hupinda juu ya ukingo, kisha chini yake, mara mamia kwa sekunde, na kila inapopinda ndani huisukuma hewa iliyomo katika kasiba. Hewa hiyo nayo, kwa urefu wake, huiamuru pumzi ipinde kwa haraka kiasi gani. Kinachotetema na kutufikia masikioni, basi, ni hewa. Ukuta wa filimbi kazi yake ni kuizingira hewa hiyo na kuipa umbo.

Katika jambo hili filimbi hutofautiana na ngoma, ambayo ngozi yake ndiyo itetemayo, na na zeze, ambalo uzi wake hutetema na kulitetemesha kasha. Huenda imani kwamba mbao ina sauti yake imetokana na kuifananisha filimbi na ala hizo. Fundi wa zeze anayechagua mti kwa makini ana haki kamili. Fundi wa filimbi naye huchagua kwa makini, lakini kwa sababu nyingine, ambazo tutazitaja katika sehemu ya tano.

Kipimo kimoja kitasaidia. Sauti ya chini kabisa ya filimbi ya shuleni ina mitetemo 523 hivi kwa sekunde. Katika hewa yenye joto la digrii 20 sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, hivyo wimbi moja la sauti hiyo lina urefu wa sentimita 66 kwa makadirio. Kasiba nyoofu iliyo wazi ncha zote mbili hubeba nusu ya wimbi, nayo ni kama sentimita 33. Filimbi yenyewe ina urefu wa jumla unaokaribia kiasi hicho, ingawa sehemu itoayo sauti, kuanzia dirishani hadi mwisho wa mguu, ni fupi zaidi, kwa kuwa uvungu wake si mnyoofu. Katika hesabu hiyo yote hakuna mahali pa kuingiza mbao wala plastiki.

Joto, hata hivyo, lina mahali pake. Kila digrii moja ikiongezeka, kasi ya sauti huongezeka kwa kiasi cha sentimita 60 kwa sekunde, na sauti ya filimbi hupanda. Tofauti ya digrii kumi katika hewa iliyomo ndani ya ala hufikia karibu theluthi ya nusutoni, kiasi ambacho sikio la kawaida hukitambua. Ndiyo maana filimbi iliyotolewa mkobani asubuhi ya Julai Nairobi huwa chini mpaka pumzi iipashe moto. Yafaa pia kuongeza kwamba kimo cha Nairobi, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hakishushi wala hakipandishi sauti hiyo kwa chenyewe. Filimbi ikisikika tofauti Mombasa, sababu ni joto.

3. Umbo la uvungu

Uvungu ni ule uwazi wa ndani ya kasiba. Huweza kuwa mnyoofu, yaani wenye kipenyo kimoja mwanzo hadi mwisho. Huweza kupanuka kuelekea mwisho, kama katika zumari ya pwani. Na huweza kusinyaa kuelekea mwisho. Maumbo haya matatu huzaa ala za tabia tofauti.

Mfano mzuri wa uvungu mnyoofu ni chivoti ya Wadigo, filimbi ya mwanzi inayopulizwa kwa ubavu na kuzibwa kwa vidole katika matundu sita. Mwanzi umeumbwa hivyo kwa maumbile, na pingili yake huziba upande mmoja bila kazi ya fundi. Fundi akichukua bomba la plastiki la maji lenye kipenyo kile kile cha ndani na unene ule ule wa ukuta, akatoboa matundu ya ukubwa ule ule mahali pale pale, na kuyalainisha kingo zake kwa namna ile ile, atapata sauti ambayo msikilizaji aliyefumba macho atashindwa kuitofautisha na ya mwanzi. Akibadilisha kipenyo kwa milimita chache tu, tofauti itasikika mara moja.

Filimbi za kizibo zilizotumika Ulaya katika karne ya 16 nazo zilikuwa na uvungu mpana uliokaribia kuwa mnyoofu. Sauti zake za chini zilikuwa nene na zenye nguvu, lakini hazikupanda sana: upeo wake haukufika oktava mbili. Katika nusu ya pili ya karne ya 17 mafundi wa Ufaransa, wakiwamo wa ukoo wa Hotteterre, waliigawanya filimbi katika vipande vitatu vinavyoungana, yaani kichwa, kiwiliwili na mguu. Mgawanyo huo ulirahisisha kuuchimba uvungu kwa vyombo maalumu ili usinyae kidogo kidogo kuelekea mguuni. Matokeo yake yalikuwa makubwa. Sauti za chini zilipungua unene, lakini sauti za juu zilitoka kwa wepesi na zikalingana na za chini katika kipimo cha oktava, hata upeo ukapita oktava mbili. Filimbi ya plastiki inayouzwa leo hufuata umbo hilo la karne ya 17 na 18, na plastiki haikuhitaji kuleta umbo jipya.

Sababu ya badiliko hilo ni hii. Mpigaji anapotaka sauti ya juu, huilazimisha hewa igawanyike katika mawimbi mafupi zaidi. Katika uvungu mnyoofu wenye matundu na dirisha, mawimbi hayo mafupi hayaangukii mahali yanapostahili, na oktava hutoka ikiwa imepinda. Uvungu unaosinyaa huyasogeza mpaka yapatane. Fundi anaweza pia kupanua au kubana sehemu moja ndogo ya uvungu ili arekebishe sauti moja bila kuzigusa nyingine. Kazi hii ni ya sehemu za milimita, na ndiyo inayotenganisha filimbi njema na mbaya, ziwe za mti wowote.

Kipenga cha refa ni jamaa wa mbali wa ala hizi. Kina mfereji na ukingo, lakini hakina kasiba ndefu: badala yake kina chumba kidogo, na udogo wa chumba ndio unaofanya sauti iwe kali. Kile cha Joseph Hudson wa Birmingham, kilichotolewa mwaka 1884, kina kijipira cha kizibo cha chupa kinachorukaruka chumbani na kuikatakata sauti. Kile cha Kanada cha mwaka 1987, kiitwacho Fox 40, hakina kijipira, bali vyumba vitatu vyenye sauti zinazokaribiana bila kulingana. Sauti mbili za namna hiyo zikilia pamoja husikika zikipigana: moja ikiwa na mitetemo 523 na nyingine 528, sikio husikia mapigo matano kila sekunde. Katika kipenga mapigo hayo hutakiwa, kwa sababu huvuta sikio hata palipo na kelele za uwanjani. Katika darasa la watoto hamsini ni balaa.

4. Matundu na mipango miwili ya vidole

Hapa ndipo hasara ya mnunuzi ilipo. Filimbi za shuleni zinazotengenezwa ulimwenguni ni za mipango miwili ya vidole. Mmoja huitwa wa Kiingereza au wa Baroki, nao umetokana na ala za kale. Wa pili huitwa wa Kijerumani, nao ulibuniwa katika miaka ya 1920 na fundi Mjerumani Peter Harlan, aliyetaka kumrahisishia anayeanza.

Tofauti yao huonekana katika nota ya nne kutoka chini, yaani fa. Katika mpango wa Kiingereza, mpigaji huziba tundu la nyuma kwa gumba, na matundu manne ya kwanza ya mbele, huliacha la tano wazi, kisha huziba la sita na la saba. Mkono wa mtoto wa miaka tisa huona tabu kuruka kidole namna hiyo. Harlan aliyabadilisha matundu ili fa ipatikane kwa kuziba gumba na manne ya kwanza tu. Lakini wepesi huo una gharama yake: fa iliyopandishwa nusutoni, ambayo hutumika katika nyimbo nyingi, haitoki sawasawa tena, na sauti kadhaa za juu huharibika.

Tuseme mwalimu amebandika ukutani mchoro wa vidole wa Kiingereza, na mtoto mmoja ameletewa filimbi ya Kijerumani. Atakapofuata mchoro, fa yake itakuwa chini mno. Mtoto wa pili aliyefundishwa nyumbani vidole vya Kijerumani, akavitumia katika filimbi ya Kiingereza, fa yake itakuwa juu mno. Wote wawili wametii walichofundishwa, na wote wawili watasikika wakikosea. Mwalimu asiyejua kwamba kuna mipango miwili atalisahihisha sikio la mtoto, au mdomo wake, au bidii yake, na kosa litabaki pale pale.

Namna ya kuzitambua ni rahisi na haihitaji kupuliza. Hesabu matundu ya mbele kutoka juu. Iwapo tundu la nne ni dogo kuliko la tano, ala ni ya mpango wa Kiingereza. Iwapo la tano ni dogo kuliko la nne, ni ya Kijerumani. Baadhi ya viwanda huchora nyuma ya ala herufi B au G kuonyesha mpango wake. Katika biashara ya mitumba alama hiyo huenda imefutika, na karatasi ya maelezo imekwisha potea, lakini matundu hayapotei.

5. Kazi ya malighafi

Mwaka 1971 mtafiti wa Marekani John Coltman alitoa matokeo ya jaribio ambalo lingali likitajwa. Aliunda filimbi tatu za vipimo sawa, moja ya fedha, moja ya shaba na moja ya mbao, akazipa vichwa vya namna moja. Wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha kwa sauti, na hata wapigaji walishindwa pale mikono yao ilipozuiwa isitambue uzito na ubaridi wa ala.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba malighafi haina kazi. Inayo, ila kazi hiyo hupitia katika uvungu. Malighafi huamua kama vipimo vitachongeka kwa usahihi, kama vitadumu, na kama uso wa ndani na ukingo vitakuwa laini na vikali vinavyostahili.

Mpingo ni shahidi mwema. Mti huu wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji una uzito unaopita kilo 1,200 kwa mita moja ya ujazo, na gogo lake huzama majini. Viwanda vya Ulaya huutumia kwa klarineti, kwa zumari za okestra na kwa filimbi za kizibo za bei ya juu. Mwaka 2009 misitu ya vijiji ya Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu kwa ajili ya biashara hiyo. Sifa ya mpingo ni kwamba hukubali kuchongwa ukingo mwembamba usiobanduka, haunyonyi maji upesi, na uvungu uliochimbwa humo hauvimbi kwa urahisi. Hizo ni sifa za kulinda vipimo.

Plastiki nayo hulinda vipimo vyake vizuri sana, maana ala elfu zitokazo katika kalibu moja hufanana. Udhaifu wake mkubwa uko katika unyevu. Pumzi ni ya joto na ina mvuke, na inapogusa mfereji baridi huacha matone. Kizibo cha mti wa mwerezi, kama kilivyo katika filimbi nyingi za mbao, hunyonya sehemu ya unyevu huo. Plastiki hainyonyi, matone huziba njia, na sauti hukwama. Dawa yake ni kuipasha ala moto mkononi kabla ya kupiga, na mara kwa mara kupitisha mferejini maji yenye sabuni kidogo na kuyaacha yakauke, ili matone yatandae badala ya kusimama. Filimbi ya mtumba ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Maji yanayochemka huweza kuikunja plastiki, na uvungu ukikunjwa hakuna la kufanya.

Mnunuzi basi aangalie haya badala ya kuuliza ala ni ya nini: uvungu uwe mnyoofu unapotazamwa dhidi ya mwanga, ukingo wa dirisha usiwe na pengo, viungio vibane pasipo kuvuja, na matundu yote yakizibwa, pumzi ya taratibu itoe sauti ya chini bila kupiga kelele.

Katika utamaduni wetu tumezoea kitu kuheshimiwa kwa malighafi yake. Siwa mbili zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, ya pembe ya ndovu kutoka Pate na ya shaba ya Lamu yenyewe, zilibeba heshima ya utawala, na heshima hiyo ilitokana kwa sehemu na thamani ya pembe na shaba. Heshima ya namna hiyo ni halali. Kosa ni kuidhani kuwa ndiyo sauti.

6. Suala la majina

Neno filimbi katika Kiswahili cha kila siku hubeba mzigo mzito. Humaanisha kipenga, humaanisha ala ya mwanzi, na humaanisha ala ya shuleni. Yapo maneno yanayopunguza mzigo huo: kipenga kwa ya refa, nai kwa ile ya taarabu ipulizwayo kwa ncha, zumari kwa ile yenye matete, na katika lugha za jirani chivoti ya Kidigo na mũtũrirũ wa Kikuyu. Ala ya shuleni peke yake haina jina lake. Neno rekoda limeshika madarasani, lakini ni neno lile lile litumikalo kwa chombo cha kunasa sauti, na halimwelezi mtu chochote kuhusu ala yenyewe.

Mataifa mengine yaliipa jina kwa njia tofauti. Wajerumani waliitazama sehemu iliyochomekwa, wakaiita filimbi ya kizibo. Wafaransa walikitazama kichwa chake, wakaiita filimbi ya mdomo wa ndege. Waitaliano waliisikiliza, wakaiita filimbi tamu. Jina la Kiingereza limetokana na kitenzi cha zamani chenye maana ya kukariri wimbo, na maana hiyo imekwisha sahauliwa na wasemaji wenyewe. Kati ya njia hizi, ya Wajerumani ndiyo inayofaa kufundishia, kwa sababu kizibo na mfereji wake ndivyo vinavyoitenga ala hii na nyingine zote.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo:

(a) filimbi ya kizibo, kwa ala yenyewe, na rekoda liendelee kama neno la mazungumzo;

(b) kasiba, kwa mwili wote wa bomba. Neno hili tayari hutumika kwa mtutu wa bunduki, na asili yake ya Kiarabu ni tete, hivyo linarejea nyumbani;

(c) uvungu, kwa uwazi wa ndani ya kasiba, pamoja na uvungu mnyoofu, uvungu unaopanuka na uvungu unaosinyaa;

(d) kizibo, mfereji wa pumzi, dirisha na ukingo, kwa sehemu za kichwa;

(e) kichwa, kiwiliwili na mguu, kwa vipande vitatu;

(f) tundu la gumba, na matundu ya vidole yanayohesabiwa kutoka la kwanza hadi la saba;

(g) vidole vya Kiingereza na vidole vya Kijerumani, kwa mipango miwili.

Karibu maneno haya yote yamo vinywani mwa watu. Hilo tumelikusudia. Istilahi ya muziki iliyokopwa nzima nzima hubaki katika kitabu cha mwalimu, ilhali uamuzi wa kununua hufanywa sokoni, na watu ambao kitabu hicho hawajakiona.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba sauti ya filimbi ni ya hewa iliyomo uvunguni. Kwamba umbo la uvungu, mfereji, ukingo na matundu ndivyo vinavyoipa kimo na ladha. Na kwamba malighafi hufanya kazi kwa kuvilinda au kuviharibu vipimo hivyo. Tumeona pia kwamba tofauti ya matundu mawili tu hutosha kumfanya mtoto asikike akikosea wimbo anaoujua.

Mapendekezo ya istilahi yaliyotolewa hapa yanahitaji kupimwa. Njia tunayoiona kuwa bora ni kuyapeleka kwa walimu wa muziki wa shule za Kibera na Kawangware na kwa wauzaji wa Toi, na kuangalia ni yapi yanashikwa na yapi yanaachwa. Mzazi akiweza kumwambia mwuzaji kwamba anataka filimbi ya kizibo ya vidole vya Kiingereza, na mwuzaji akaweza kumchagulia kwa kutazama tundu la nne na la tano, istilahi hizo zitakuwa zimefanya kazi yake.